Kiwanja kinagusa lami? Soma hii kabla hujatoboa geti

Madalali wa huku kwetu, kuanzia Kisongo mpaka Himo, wana sifa moja wanaiweka mbele kuliko zote: "kinagusa lami". Maji hamna, umeme uko nguzo ya tatu, hati bado inafuatiliwa, lakini kinagusa lami, basi bei inapanda na mnunuzi anaondoka anachekelea. Mimi naona tofauti. Kugusa lami ni kitu kimoja na kutokea kwenye lami ni kitu kingine kabisa, na watu wanagongwa kwenye zile mita chache kati ya geti na barabara. Kwa hiyo kama unajenga nyumba, unapanga fremu, unafungua karwoshi au gereji pembeni ya barabara ya Arusha–Moshi, au ile ya Namanga, au hata barabara ya mtaa huko Njiro au Rau, hapa nitakueleza geti likae wapi, liwe na umbo gani, ruhusa unaomba wapi, na likishakuwepo unaingia na kutoka vipi bila kuua mtu.

Kwanza ujue geti linaletaje ajali, maana wengi wanadhani ajali inaletwa na dereva mwendokasi tu. Barabara kuu imejengwa ipitishe watu wa safari, basi la Dar, malori ya Holili na Namanga, Noah inayowahi abiria Boma Ng'ombe. Hao wako kwenye kilometa 80 kwa saa na kuendelea. Wewe kwenye geti lako uko sifuri. Tatizo lote liko kwenye hiyo tofauti ya mwendo, na kila geti jipya ni sehemu nyingine ambapo mtu anapunguza ghafla, anasimama katikati ya njia, au anachomoka taratibu mbele ya mtu aliyeshika kasi. Wahandisi wanahesabu sehemu ambazo njia za magari zinakatana au kukutana. Njia panda yenye pande nne ina sehemu kama hizo 32, njia panda ya T ina 9. Geti lako ni T ndogo, yaani umeongeza 9 zako hapo mbele ya nyumba. Marekani kuna utafiti mkubwa ulitoka mwaka 1999 ukaonyesha kwamba viingilio vikiongezeka kutoka 10 hadi 20 kwa kila maili moja, kiwango cha ajali kinapanda kwa asilimia 40 hivi. Sasa we jaribu kuhesabu mageti, fremu, sheli na vichochoro kati ya Maji ya Chai na Usa River, utachoka kabla hujafika.

Swali la kwanza: lazima litokee kwenye lami?

Kabla hujaita fundi wa kuchomelea zunguka kiwanja chote uangalie kama kuna njia ya mtaa nyuma au ubavuni. Kama ipo, geti la magari liweke huko, hata kama ni vumbi, hata kama inabidi uzunguke dakika tatu. Mbele kwenye lami weka kigeti cha miguu tu. Najua itakuuma, maana kiwanja ulinunua kwa ajili ya ile lami, lakini njia ya mtaa inakupeleka kwenye njia panda ambayo madereva wote wanaijua na wanaitegemea, wakati geti lako peke yako hakuna anayelitegemea.

Kama njia ya nyuma hamna, ongea na jirani. Viwanja viwili, vitatu, vinaweza kutumia kiingilio kimoja, kikiingia ndani kidogo ndo kila mtu anaenda kwake. Vihamba vya Uchagani, yale mashamba ya ukoo, vilikuwa hivyo tangu enzi, kinjia kimoja kinahudumia ukoo mzima na hakuna aliyekufa kwa kukosa geti lake binafsi. Ugumu ni kwamba siku hizi baba akishagawa shamba kwa watoto watano kila mtu anataka geti lake linaloangalia barabara na jina limeandikwa juu. Andikishaneni tu mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kila mtu atoe mita zake za njia, mtaokoa hela ya kalavati pia, kile kidaraja cha kupita juu ya mtaro.

Kipimo cha sekunde

Hapa ndo penye kazi yenyewe, usipasome haraka haraka.

Nenda pale unapotaka kuweka geti, simama kama mita tatu au nne kutoka mwisho wa lami. Jishushe mpaka macho yako yawe kama mita 1.1 kutoka chini, hapo ndo macho ya mtu aliyekaa kwenye Corolla au IST yalipo, kwa hiyo kaa kwenye kiti au ndoo iliyogeuzwa. Angalia kulia. Gari likitokea tu, yaani ile sekunde ya kwanza unaliona, anza kuhesabu kwa saa ya simu mpaka lipite mbele yako. Rudia kwa magari mengi, na uchague yale yanayokimbia kweli, sio mkokoteni wa punda. Halafu fanya hivohivo kwa kushoto.

Gari dogo likiwa limesimama linahitaji nafasi ya kama sekunde 7.5 kuvuka njia ya karibu, kukata kulia na kushika mwendo bila kumlazimisha mwenzake apige breki. Kutoka kushoto ni kama sekunde 6.5. Fuso inataka kama 9.5, na semitrela 11.5. Kwa hiyo kama magari yanakufikia ndani ya sekunde 4 au 5 tangu uyaone, hapo sio mahali pa geti, hata ufanyeje. Ukipata 8 au zaidi pande zote mbili kwa gari dogo uko sawa. Ukiwa na biashara ya mbao au matofali na Fuso zinaingia na kutoka, tafuta 10 na kuendelea.

Uzuri wa kuhesabu sekunde ni kwamba haudanganywi na kibao. Kibao kinasema 50 lakini we mwenyewe unajua watu wanapitaje pale trafiki wakishaondoka. Kwenye 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwenye 80 linakula mita 22. Sekunde 7.5 kwenye 50 ni kama mita 105, kwenye 80 ni kama mita 167. Na huyo anayekuja akiamua kusimama kabisa, wahandisi wanampa mita 65 akiwa kwenye 50 na mita 130 akiwa kwenye 80, humo wamejumlisha ule muda wa kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Hiyo ni gari yenye breki na tairi nzima, mambo ambayo hatuna uhakika nayo kwa kila Hiace.

Fanya kipimo mara mbili, mchana na jioni jua likiwa chini, maana ukitokea geti linaloangalia magharibi saa kumi na mbili jioni unaweza usione kitu kabisa. Na kama ni upande wa Tengeru usipime siku ya kawaida tu, nenda na Jumamosi ya soko uone hali.

Vitu vinavyokula macho

Mara nyingi sekunde zipo ila kuna kitu kimesimama mbele yake. Huku kwetu mkosaji namba moja ni ua la michongoma, halafu masale, halafu migomba ambayo mwezi wa pili ilikuwa kimo cha goti na mwezi wa saba imeshakuwa ukuta. Kata, na uendelee kukata, chini ya kimo cha kiuno pande zote mbili za geti. Ukuta wa tofali nao usiuvute mpaka mbele, rudisha kona ya ukuta ndani kwa mshazari ili dereva aone kabla bampa halijafika barabarani.

Halafu kuna watu. Kijiwe cha bodaboda kinapenda kukaa hasa kwenye mdomo wa kiingilio kwa sababu wateja wanatokea hapo. Usiende na ukali, tafuta mwenyekiti wa kijiwe muongee, mwombe wasogee upande wa kushoto ukiwa unatoka, na wasogee mita kadhaa, sio hatua mbili. Upande wa kulia ndo unaohitaji uwe wazi kuliko wote kwa sababu gari la kwanza kukugonga linatoka huko. Mama mwenye meza ya ndizi na parachichi hivohivo, "shikamoo mama, naomba tusogeze meza kidogo, wateja wako wanasimamisha magari mlangoni kwangu," na umsaidie kubeba. Mabango ya biashara yako mwenyewe pia yanaziba, hilo watu hawapendi kusikia.

Vile vioo vya mviringo vinavyowekwa ng'ambo ya barabara sivipendi. Vinaonyesha gari likiwa dogo na mbali, mtu anajiaminisha anachomoka. Kama huna namna nyingine weka, ila kitumie kujua kama kuna kitu kinakuja, usikitumie kupimia umbali.

Sehemu za kukwepa

Usiweke geti kwenye kona, mlimani pale juu kabisa barabara inapozama upande wa pili, karibu na daraja, karibu na njia panda, wala mbele ya kituo cha daladala. Fundi atakwambia "bosi, hapa konani ndo linaonekana vizuri". Ni kweli linaonekana vizuri, ila wewe ukiwa unatoka huoni. Na ukiwa karibu na njia panda kuna balaa lingine: dereva anawasha indiketa ya kushoto akilenga barabara ya mtaa iliyo mbele, wewe unadhani anaingia kwako, unachomoka.

Geti la ng'ambo nalo liangalie. Ama mageti yaelekezane kabisa, ama yapishane kwa umbali wa kutosha. Yakipishana kidogo tu, magari mawili yanayotaka kukata kulia yanakutana pua kwa pua katikati ya barabara yakigombea nafasi moja.

Hifadhi na kibali

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Barabara za wilaya na za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambao walianza 2017. Ujue yako ni ya nani kwanza, halafu uende ofisi yao na barua na mchoro unaoonyesha kiwanja, kiingilio, mtaro na kalavati unayotaka kuweka. Waje waone kabla hujamwaga zege. Fundi akikwambia "tutaweka usiku tu mkuu, nani atajua", mlipe hela yake ya siku aende.

Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande, ilikuwa 22.5 kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007. Zinapimwa kutoka katikati ya barabara, hazianzii mwisho wa lami, na hapo wengi wanajichanganya. X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba iliyoingia ndani ya hifadhi kila mtu anaijua. Ila watu wanaiona hifadhi kama adui wakati kwa mwenye geti ni msaada mkubwa. Ukiiheshimu, geti lako linajikuta liko zaidi ya mita 20 kutoka kwenye lami, una sehemu ya gari kusimama, kuangalia, kugeuza. Wanaoteseka ni waliojenga mpaka mlangoni pa barabara, gari likisubiri geti lifunguliwe mkia uko njiani.

Mitaani ambako hifadhi ni ndogo, rudisha geti mwenyewe. Mita 6 kutoka ukingo wa barabara kwa gari dogo, zaidi kama una wageni wa Coaster au Fuso, na geti lifunguke kwa ndani au la kusukuma pembeni. Geti linalofunguka kwa nje ni la kumgonga mtoto wa shule anayepita kwa miguu.

Umbo lake

Kiingilio kikutane na barabara kikiwa kimenyooka, pembe ya kona ya karatasi. Kikija kwa mshazari dereva inabidi ageuze shingo mpaka mgongo uume ndo aone upande mmoja, na wengi hawageuzi. Kona za kuingilia zizungushwe kidogo ili gari liingie bila kusimama kabisa barabarani. Upana wa nyumba ya kawaida mita 3 hadi 3.5 inatosha, biashara yenye magari ya kupishana weka kama 6. Usipanue ukadhani ndo vizuri zaidi. Sehemu ambayo imeachwa wazi yote kuanzia ukuta mpaka ukuta, gari linaweza kutokea popote, na mtembea kwa miguu hajui ajihadhari wapi.

Mteremko ndo ugonjwa wa huku kwa sababu tuko kwenye miguu ya Meru na Kilimanjaro. Kama kiwanja kiko juu ya barabara, mita 5 au 6 za mwisho kabla ya lami zifanye tambarare, gari lisimame bila kuning'inia kwenye breki ya mkono. Kama kiko chini, hivohivo, maana kuondokea kilimani kunakula sekunde, zile 7.5 hazitoshi tena.

Mtaro usiuzibe. Weka kalavati yenye bomba ambalo unaweza kulizibua kwa koleo, sio lile dogo la kubana hela, likiziba masika maji yanapanda kwenye lami na usiku pikipiki inaingia kwenye dimbwi ambalo haikuliona. Kuta za kalavati zisiwe refu na zisikae karibu na lami, mtu akitoka njiani asigonge zege lako. Na sehemu ya kiingilio inayokutana na lami iwe ngumu, zege au lami au hata mawe yaliyopangwa vizuri, kwa sababu kifusi na changarawe zikisombwa na mvua zinatandazwa barabarani na bodaboda anazikuta kwenye kona.

Wenye fremu

Fremu sita mbele ya barabara bila paking maana yake wateja wanasimama nusu lami nusu vumbi, halafu wanarudi rivasi barabarani. Toa mita za mbele, panga magari yakae ndani, weka mawe yaliyopakwa chokaa au kitalu cha maua kirefu mbele yote, uache mdomo mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Wapangaji watalalamika wiki ya kwanza. Taa kali za mbele ya duka ziinamishe chini, zikimwangalia dereva usoni haoni anayevuka.

Kuingia na kutoka

Geti zuri na dereva mbovu bado ni ajali, kwa hiyo tumalizie na usukani. Sheria ya kwanza, usitoke rivasi kwenye barabara kuu, hata siku moja, hata kama unachelewa kanisani. Acha nafasi ya kugeuzia ndani ya uwanja. Kama uwanja ni mdogo ingia na rivasi ukitoka barabarani pale pametulia, ili asubuhi utoke na uso.

Kukata kulia ndo kunaua. Marekani walihesabu zamani wakakuta karibu robo tatu ya ajali za kwenye viingilio zinahusu gari linalokata kuvuka njia ya wenzake, kwao ni kushoto kwa kuwa wanaendesha kulia, kwetu ni kulia. Na nyingi zaidi ni za kuingia kuliko za kutoka. Umesimama katikati ya njia ukisubiri wa mbele apite, nyuma yako kuna mtu anajiandaa kuovateki.

Hapa kwetu kuna kitu kinaongeza hatari, lugha ya indiketa za malori. Dereva wa lori akiwasha kulia anamaanisha usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha kushoto anamaanisha pita. Sasa wewe ukiwa na lako ukawasha kulia ukitaka kuingia kwako, aliye nyuma anaweza kuelewa "subiri kidogo", na baada ya sekunde mbili akiona mbele peupe anapita kulia kwako wakati huohuo unakata. Ukiwasha kushoto kuingia geti, anaweza kudhani umemruhusu. Kwa hiyo usiitegemee indiketa peke yake. Washa mapema, gusa breki kidogo kidogo taa za nyuma zimstue, sogea karibu na mstari wa kati, na uangalie saidimira ya kulia mara ya mwisho kabisa kabla ya kuzungusha usukani, bodaboda huwa iko hapo. Ukiona foleni ndefu nyuma yako na wana haraka, achana nao, pitiliza mpaka sehemu yenye nafasi ugeuze urudi uingie kwa kushoto.

Kutoka pia, kama barabara imechangamka, toka kushoto, nenda ukageuzie mbele. Ile njia nne ya Sakina mpaka Tengeru, kilometa 14.1, ukuta wa kati unakulazimisha ufanye hivyo, na wenye maduka walilalamika sana, lakini zile sehemu 9 za kugongana zimebaki 2. Kinachoharibu ni bodaboda na bajaji wanaorudi kinyume pembeni kukwepa kuzunguka, kwa hiyo hata ukitokea kwenye njia nne angalia na kushoto, kuna mtu anakuja ambaye hakutakiwa kuwepo.

Mwisho ni Desemba. Wale wa Dar wakipanda kuja kula Krismasi, barabara ya Moshi inajaa watu ambao hawajui geti lako, wanatafuta nyumba ya shangazi usiku huku wakiangalia simu. Paka mawe ya kiingilio chokaa nyeupe wiki ya kwanza ya mwezi, weka stika za kung'aa kwenye nguzo za geti, punguza michongoma. Na ukituma lokesheni kwenye grupu la familia weka pini kwenye njia ya nyuma, halafu waandikie kabisa: msikate kulia pale kwenye geti la mbele, tunawafungulia huku nyuma.